Yah: Mvua Kutohudhuria

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kilimo,
Dodoma.

Mheshimiwa, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tumesikia Dira ya 2050 ilizinduliwa huko kwenu Julai 2025. Sisi wa Ngara na Biharamulo hatuna ugomvi na 2050. Tatizo letu ni Oktoba. Vuli ilinyesha siku tatu, tukapanda maharage, ikaenda zake. Mke wangu alifukua shimo moja kwa kidole: mbegu ilikuwa imetoa kiuzi cheupe, kifupi kama cha kushonea kifungo, kimekauka. Tukapanda tena, safari hii kwa maharage tuliyokuwa tumetenga ya kula.

Kaulimbiu hatujakosa. Siasa ni Kilimo ilikuja 1972, ikafuata Kilimo cha Kufa na Kupona, Kilimo Kwanza 2009, na sasa Ajenda 10/30. Baba alilimia ya kwanza, mimi nalimia ya mwisho, kwa jembe lile lile. Mpini tumebadilisha, tusionekane wakaidi.

Naomba basi mvua iitwe semina na ilipwe posho. Huenda ikahudhuria.

Migomba nayo ina utovu wa nidhamu. Tangu mnyauko uingie Kagera, ndizi zinaiva kabla ya wakati huku ndani zimeoza, tabia tuliyodhani ni ya miradi tu. Mnatushauri muhogo, kwa kuwa unavumilia ukame. Kweli unavumilia; majani yanapendeza hadi siku ya kung'oa. Ukiukata, ndani una michirizi ya kahawia kama ramani ya barabara zetu.

Halafu kuna mpaka. Mwaka 2017 mlizuia mahindi kuvuka nje mpaka yasagwe. Mheshimiwa, ng'ambo ya mito ya Kagera na Ruvubu kuna mashemeji zetu. Shemeji alipokuja na njaa, tungemwambia asubiri mashine? Sisi wenyewe mavuno tunayauza kwa lumbesa Februari, kisha tunayanunua kwa sado kabla vuli nyingine haijafika. Taifa lina wakala wa kuhifadhi chakula. Wakala wetu ni debe chini ya kitanda, na mkaguzi wake ni paka.

Nawatakia utekelezaji mwema wa 2050. Mkipata nafasi, mtujibu kabla ya Oktoba.

Wako mtiifu,
Mkulima, Ngara.

Nakala: Mvua, popote ilipo (kwa utekelezaji).