Kirushio cha Msimu Mmoja

Beyblade, pia za vita zilizozuka Japani mwaka 1999, zina jamaa zao wa bei nafuu hadi Migori na Homa Bay. Pia yenyewe hudumu. Mgonjwa ni kirushio, kile kinachoizungusha utepe wake ukivutwa. Gia yake ya plastiki hung'oka meno kabla mtoto mwenyewe hajang'oka ya utotoni. Fundi redio hufungua skrubu, springi ikaruka chini ya meza, naye akatoa hukumu: "Mzee wangu, hiki hakikuundwa kifunguliwe." Inaletwa supaglu. Gia inaganda, utepe hauvutiki, na malipo hayarudi. Jirani anachapa pia ya mti kwa kamba ya katani. Ikikatika, anapiga fundo. Dhamana ya maisha hiyo, tena bila risiti.