Shahidi Asiyekubaliwa

Liko jambo moja ambalo mwanadamu hulijua kwa yakini kuliko viumbe wote, nalo ni kwamba yeye ni yeye. Na ajabu ya serikali, zote nizisikiazo habari zake, ni kuwa katika jambo hilohilo ushahidi wake haukubaliwi, bali hutakiwa alete karatasi imsemee.

Mwanangu afanyaye kazi Muscat alinialika nikamzuru, na kwa kuwa Katiba yetu ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 12, humpa kila raia haki ya kupata pasi ya kusafiria, nilidhani safari imekwisha kuwa nyepesi. Lakini pasi haiombwi bila kitambulisho, na changu kilikuwa kimeondoka pamoja na mkoba wangu katika msongamano wa steji ya matatu, mikononi mwa maluuni mmoja ambaye, naomba Mungu, leo anajiita kwa jina langu na kulipa madeni yangu.

Nikapata hati ya polisi ya kuthibitisha kwamba nimepotelewa, kisha nikaenda kwa liguru wa kijiji chetu, mzee tuliyechunga naye ng'ombe utotoni, naye akanipeleka kwa naibu chifu, kijana ambaye siku ya kuzaliwa kwake mimi nilikuwa nimekwisha kuzoea chaki. Kijana yule, kwa taadhima kubwa, akaandika ya kuwa ananifahamu vyema tangu kuzaliwa kwangu, akapiga na muhuri. Nilitamani kumwuliza alinionaje siku ile, bali nikanyamaza, maana penye muhuri hata kalenda hunyamaza.

Marehemu babu yangu angecheka. Yeye kipande chake, yaani kitambulisho cha enzi ya mkoloni, alikivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma, kwa mujibu wa ile sheria ya 1915 iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu, iliyomlazimu kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 kutoa alama za vidole na kuandikiwa habari za mwajiri wake. Na aliyekutwa hana, alikuwa na kesi. Mwanasiasa Harry Thuku alikipigia kelele kipande hicho, pamoja na kodi, hadi akatiwa mbaroni mwaka 1922, na usajili wa watu wa rangi zote haukuja ila kwa sheria ya 1947. Nyanya yangu hakuandikwa daftarini katika ujana wake wote, kwani wanawake waliingizwa mwaka 1978 tu, wala sikupata kusikia aliyemtilia shaka kuwa ni yeye.

Katika ofisi niliyoelekezwa, ambayo jina lake nalisitiri, tulipanga foleni hadi ikatukuta ile mvua ya saa tisa ambayo Kakamega haikosi. Karani alikuwa binti niliyemsomesha darasa la sita. Alisimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akauliza hali ya mama watoto, akawasimulia wenzake fimbo nilizomchapa kwa ajili ya hesabu za sehemu, kisha akaketi, uso ukabadilika, akasema, "Mwalimu, naomba uthibitishe wewe ni nani."

"Si umetoka kunitaja sasa hivi, binti yangu?"

"Nimekutaja, Mwalimu, lakini mfumo haukujui."

Vidole navyo vikanisaliti. Baada ya umri mzima wa chaki na jembe, mistari yake imefifia, na kila nilipobonyeza mashine ile kwa kidole, ilikataa kunitambua. Binti akanishauri nikae majuma mawili bila kushika jembe, nikijipaka mafuta ya mgando asubuhi na jioni. Ilikuwa katikati ya palizi ya mahindi, na mke wangu, alipolisikia agizo hilo, alisadiki kabisa kwamba nimempa karani kitu kidogo.

Kitambulisho kimekuja, na picha yake yafanana na shemeji yangu. Mwanangu hachoki kuulizia safari, nami namjibu kwamba pasi yenyewe, hii ya kielektroniki iliyoanza kutolewa mwaka 2017, huombwa kwa mtandao wa serikali wa eCitizen na kumalizikia kwenye alama za vidole, ambazo nitakwenda kuzitoa Kisumu baada ya mavuno. Na huko Kisumu sikufundisha mtu.