Bima Juu ya Bima

Mtumishi wa umma akistaafu Mpanda, habari hufika mjini kabla ya kiinua mgongo. Wino wa barua haujakauka, mwenye kiwanja Misunkumilo ameshajua, muuza bodaboda ameshajua, na mjomba wa Sumbawanga ambaye hajapiga simu tangu uchaguzi uliopita anaanza kuulizia hali ya magoti yako. Mimi nilistaafu ualimu mwaka 2023, nikiwa na miaka 60 kama sheria inavyotaka. Kikokotoo cha asilimia 33 kikanipa mkupuo ambao nusu ya mtaa ilishaupigia hesabu. Wote hao nilijiandaa kuwakatalia. Watu wa bima ndio sikuwatarajia, maana bima ninayo.

Na ninayo kweli. Tangu Julai 2001, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza kazi, mshahara wangu ulikatwa asilimia 3 kila mwezi na mwajiri akaongeza 3 nyingine. Shukrani yake ni kwamba mwanachama aliyechangia akiwa kazini, akistaafu anaendelea kutibiwa pamoja na mwenza wake bila kukatwa tena hata senti. Ni fao zuri, sina neno. Ila kazini kadi ilitubeba mimi, mwenza na wategemezi wanne. Ustaafu ulipoingia tukabaki wawili. Serikali imechukulia, wala siilaumu, kwamba mtu wa miaka 60 nyumbani kwake amebakiwa na mkewe na redio. Haijafika kwangu Makanyagio. Hapa wajukuu wanalala hadi sebuleni. Wazazi wao wako Dar es Salaam na Mwanza wanatafuta maisha, na maisha yenyewe wameyaacha kwangu.

Hofu iliyotupeleka kutafuta bima ya nyongeza ilitushika Machi 2024. Tarehe 1 ya mwezi huo Mfuko ulianza kutumia kitita kipya cha mafao. Baadhi ya hospitali binafsi zikapinga bei zilizopangiwa, zikatangaza kusitisha huduma kwa wanachama, na redio zikawaka moto. Kijiweni kwetu Majengo kahawa ikapoa vikombeni. Hospitali zilizotajwa zilikuwa za mijini huko, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukanyaga mlangoni kwake. Lakini mstaafu ni mtu wa tahadhari. Tukaomboleza kufungiwa milango ambayo hatujawahi kuigonga.

"Dawa ni kuwa na bima juu ya bima," alisema Mzee Stesheni, ambaye maisha yake yote aliyamalizia kwenye reli ya Kaliua mpaka Mpanda na bado anaongea kana kwamba treni inasubiri amalize.

"Bima ya nyongeza ni asali ya Inyonga," akajibu Bwana Nyuki. "Kijiko asubuhi, kijiko jioni."

Tukamkumbusha kwamba kijiwe kizima hakuna mwenye kadi iliyochakaa kwa matumizi kumshinda yeye.

"Ndiyo maana niko hai."

"Kwa kadi au kwa asali?"

"Vyote viwili. Si mmesema nyongeza?"

Nadhani kuna mtu aliyekuwa anatusikiliza, kwa sababu wiki hiyo hiyo kijana wa kampuni ya bima alibisha hodi kwangu. Alikuwa na kishikwambi mkononi na viatu ambavyo vumbi la Makanyagio lilikuwa bado halijavigundua. Akatoa shikamoo mbili safi, akaketi, akaanza kusoma mafao: chumba cha peke yako ukilazwa, meno, miwani, uzazi.

Mke wangu, aliyekuwa anachambua mchele, akainua kichwa. "Uzazi wa nani?"

"Wa familia, mama. Ila fao la uzazi lina muda wa kusubiri, miezi kumi na miwili."

"Waambie mabosi wako mimi nimeshasubiri miaka kumi na tano, na namshukuru Mungu hakuna kilichokuja."

Kijana akahamia haraka kwenye fomu. Presha? Ninayo. Sukari? Inabisha hodi. Umri? Nilipomtajia, kishikwambi kikaonyesha alama nyekundu. Akakigeuza huku na huku kana kwamba miaka yangu ingemwagika, kisha akainama na kuniuliza kwa sauti ya siri, "Mwalimu, hiyo ni miaka ya kazini au ya kweli?"

"Ya kweli, baba, hutaki kuijua."

Akasema angeongea na wakubwa zake. Mzee wa heshima hakosi kufikiriwa. Lakini kwanza nielewe kwamba magonjwa niliyokuja nayo kampuni isingeyagusa hadi muda fulani upite.

"Sasa mtanitibu nini?"

"Yatakayokuja, mwalimu."

"Kijana wangu, kwa umri huu yatakayokuja ndiyo haya haya yaliyokwisha kuja."

Nikaomba orodha ya hospitali zao. Dar es Salaam ilijaza kurasa, Arusha na Mwanza zikafuata. Katavi ilipewa mstari mmoja chini kabisa, kituo ambacho mtaa mzima unakifahamu, maana siku hizi kinauza spea za pikipiki. Ada ya mwaka ilikuwa pensheni yangu kuanzia Januari mpaka mahindi mapya yanapoingia ghalani. Nilimwambia nitafikiri. Mke wangu akamwambia ameshafikiri.

Aliyetusaidia ni mwandikishaji wa Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, yaani CHF, aliyepita mtaani na simu yake bila kishikwambi wala ndoto za uzazi. Wakati huo ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka, kaya ya watu 6, kuanzia zahanati na kwa rufaa mpaka hospitali ya mkoa. Nilipopiga hesabu niliona hii ndiyo inayoziba pale kadi yangu inapoishia. Mimi na bibi yao tumeshasitiriwa. Wajukuu ndio walioachwa nje. Tukawapanga ukutani wapigwe picha. Mmoja alilia, mwingine alikimbia kubadili shati, na pacha wetu, Kulwa na Doto, ambao hata mama yao huwatambua kwa kovu la goti, walihitaji usimamizi wa pekee.

Haukutosha. Kulwa alipopata homa niliwapeleka wote wawili zahanati, kwa kuwa Doto hakubali kubaki. Nesi akaita, "Kulwa!" na mtoto akainuka, akaingia kwa ujasiri uliotushangaza, akatoa kidole kikachomwa. Majibu yakarudi: hana malaria, hana joto, hana chochote. Nesi akanitazama. Alishazoea babu wanaotafuta mahali pa kukaa kivulini. Nikala kiapo kwamba mtoto alikuwa anawaka usiku kucha. Tukiwa kwenye mjadala huo sauti ikasikika kutoka kwenye benchi la nje: Doto halisi, yaani yule aliyechomwa, alikuwa ametoka kudai karanga zake. Kulwa anaogopa sindano, na alikuwa amemwajiri pacha wake kwa ujira wa kifuko kimoja. Ujira huo ulikuwa umeshaliwa na mwajiri, aliyekuwa amekaa pale anatetemeka kwa homa, maganda mapajani.

Basi nikadhani shughuli ya nyongeza imekwisha: kadi kwa wazee, CHF kwa wajukuu. Ndipo Mzee Stesheni akapewa rufaa ya tezi dume, kwenda Mbeya.

Msomaji asiyeijua njia hiyo ajue kwamba basi la Mpanda kwenda Sumbawanga linapita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Kufika Sitalike abiria wakatoa simu kupiga picha viboko wa Mto Katuma. Mzee Stesheni hakupiga picha. Alisimama, akashika kiti cha mbele, akamwambia kondakta kwa heshima kwamba anaomba kuchimba dawa.

"Mzee wangu, hapa tunaingia hifadhini. Ukishuka, utakayechimbwa ni wewe."

Anasimulia kwamba barabara ya hifadhini aliihesabu kwa meno. Nyati walikuwepo, hakuwaona. Alichokiona ni twiga mmoja aliyesimama kando ya barabara, miguu imetanuka, akifanya kwa raha zake kile ambacho yeye alinyimwa, na basi lote likashangilia. Walipofika Kibaoni alishuka kabla gari halijasimama sawasawa, mwanawe nyuma yake na maji ya kunawa, na anasema tangu treni ya kwanza aliyoiongoza kufika salama hajawahi kuona kituo kizuri kama kile.

Mbeya alitibiwa vizuri. Kadi ilipokewa, vipimo vikafanyika, dawa akapata. Lakini aliporudi kijiweni alitutandikia daftari lake la safari, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea kujaza ratiba: nauli yake, nauli ya mwanawe msindikizaji, gesti ya mwanawe karibu na hospitali, chakula cha wote wawili, bajaji za asubuhi na jioni, kisha nauli za kurudi. Hapo kulikuwa na bima, na pesa ikaisha vile vile. Kadi ilimtibu yeye. Mfuko wake ndio uliolazwa.

Ndipo nilipoielewa biashara nzima. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, na mjadala wote kijiweni ulikuwa ni nani atalipiwa dawa. Kwa mstaafu wa Katavi dawa si tatizo la kwanza. Hospitali ya mkoa ikikuandikia rufaa, ni Mbeya au Bugando kule Mwanza, na kote huko ni safari ya kuamkia stendi gizani. Kununua bima ya pili inayorudia yale yale ya kwanza, huku nauli huna, ni kuvaa makoti mawili ukitembea peku. Kabla ya kuuliza bima ya nyongeza inatoa nini, muulize yule mwenye daftari alilipa nini kwa pesa yake.

Na kumbe chombo cha kulipa nauli tunacho. Wastaafu tuna kikundi cha kufa na kuzikana, na mwanachama akifariki kikundi kinasimama imara: jeneza, maturubai, viti, masufuria, mchele, na gari la kusafirisha mwili mpaka kwao, iwe Inyonga iwe Karema. Ukiwa hai lakini mgonjwa, kikundi hicho hicho hakikufikishi hata stendi. Maiti ana usafiri na chakula cha wasindikizaji, mgonjwa anaombewa.

Nikapeleka hoja kikaoni: mwanachama mwenye rufaa apewe sehemu ya fao lake la mazishi mapema, limsaidie nauli. Kimya. Mama Mkunga, ambaye amezalisha nusu ya wajumbe wa kikao kile, akaunga mkono. Mweka hazina, mhasibu mstaafu wa halmashauri, akavua miwani.

"Naona kuna hatari. Na akipona je?"

"Akipona tunashukuru," akasema Mama Mkunga.

"Kitabu hakina safu ya shukrani. Pesa ya mazishi imetoka, mazishi hayajafanyika. Mkaguzi akiuliza marehemu yuko wapi, nimwonyeshe Mzee Stesheni anakunywa kahawa?"

"Mwambie ni wa baadaye," akasema Mzee Stesheni. "Siku yenyewe ikifika mtakata mlichotanguliza. Mimi sikimbii."

Ikapita kwa kura nyingi. Katibu akaanza kuandika kifungu kipya cha katiba, sote tukaanza kutafuta viatu vyetu, ndipo mhasibu akanyoosha tena mkono: katika fomu ile, pale penye sahihi ya mfiwa, atasaini nani?

Mke wa Mzee Stesheni akasema yeye hana kinyongo, aletewe tu kalamu.