Fidia ya Gemu

Mtu aliyekulia Kewanja hahitaji kufundishwa kwamba unaweza kuwa na kitu na kisiwe chako. Shamba umerithi kwa baba, migomba yako, mihogo yako, hata ugomvi wa mpaka na jirani ni wako. Lakini jembe likizama kidogo zaidi likagonga jiwe linalong'aa, umeshaingia kwenye mali ya Jamhuri. Sheria ya Madini ya mwaka 2010, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, imesema wazi: madini yaliyo ardhini ni mali ya umma, na Rais ameyashika kwa dhamana. Huku Nyamongo, ambako mgodi mkubwa wa dhahabu ulianza kuzalisha mwaka 2002, mtoto analijua hilo kabla hajaijua tebo ya saba.

Ndiyo maana nilidhani enzi hii ya programu na gemu za mtandaoni ingetukuta tumeshajiandaa. Wapi! Imetukuta tumekaa kwenye benchi, pedi mkononi, tunasubiri ruhusa.

Mpwa wangu ana kibanda cha gemu pale senta. Ni mabati, benchi mbili, luninga mbili na tangazo la mkono lisemalo KUTUKANA MARUFUKU, KUTUPA PEDI MARUFUKU, KUKOPA MARUFUKU. Yote matatu huwa yameshavunjwa kabla ya chai ya saa nne, aghalabu na mtu mmoja. Luninga ya kushoto ina PlayStation 2, kikongwe ambacho kifuniko chake kimefungwa kwa mpira wa baiskeli, na ndani yake mna PES 6 ya mwaka 2006. Humo Ronaldinho bado yuko Barcelona, na Adriano wa Inter bado ana ule mguu wa kushoto unaomfanya kipa ajutie kazi yake. Mechi shilingi mia mbili. Luninga ya kulia ina mashine mpya, iliyotokana na ng'ombe mmoja na deni moja. Humo unaona hadi jasho kwenye paji la uso la Mbappé. Mechi jero.

Tofauti yao kubwa haiko kwenye jasho. Kikongwe ukikiwasha kinawaka. Mashine mpya ukiiwasha inaanza kukuhoji: wewe nani, nywila yako ipi, umekubali masharti mapya, una intaneti? Gemu yenyewe, ambayo jina lake nalihifadhi, haifunguki mpaka kwanza ikaulize kwao. Na kwao ni mbali.

Siku ya fainali ya ligi ya kibanda, zawadi ikiwa jogoo aliyekuwa amefungwa mguu wa benchi na kuwatazama wachezaji wote kwa dharau, watu walijaa. Walikuja wa Nyangoto, wakaja wa Matongo, na mmoja alivuka Mto Mara kutoka upande wa Serengeti na pedi yake mwenyewe ameifunga kwenye kitambaa kama daktari wa macho. Mpwa wangu akawasha mashine mpya. Mashine ikatangaza kwamba kuna toleo jipya, bila hilo hakuna mpira, na ukubwa wake ungemaliza bando la ukoo mzima.

Hapo ndipo nilipouona umoja wa kitaifa. Watu walichangishana MB kama mchango wa harusi. Mmoja alitoa mia tatu, mwingine mia tano, mwenye GB nzima alishangiliwa kwa vigelegele na akapewa nafasi ya mbele. Simu moja ilipandishwa juu ya bati kutafuta mtandao, ikashikiliwa na kijana ambaye kila akikohoa asilimia zinasimama, basi akaamriwa asikohoe. Jioni tukafika asilimia sitini na kitu. Umeme ukakatika.

Umeme uliporudi, mashine ilikuwa imesahau kila kitu. Asilimia sifuri. Yule kijana wa juu ya bati alikohoa kwa uhuru.

Fainali ikachezwa kwenye kikongwe. Bingwa mtarajiwa wa kutoka Serengeti, aliyekuwa amejifua wiki nzima na Mbappé, alijikuta anapambana na dogo wa darasa la sita ambaye hajawahi kuwa na jero, na kwa sababu hiyo alikuwa amemaliza utoto wake wote pamoja na Adriano. Dogo akashinda manne kwa moja, yote kwa mguu wa kushoto.

"Lakini huyu Adriano si alishastaafu!" mgeni akalalamika.

"Mwambie yeye," dogo akajibu, anamfungua jogoo.

Ukiwauliza wenye gemu, watakujibu kwa upole kwamba hukununua gemu. Ulinunua leseni ya kuitumia kwa muda wanaopenda wao. Mfano uliowatoa watu machozi ni wa gemu ya magari iitwayo The Crew, ya kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa. Ilitoka mwaka 2014, watu wakalipa pesa zao kamili, na tarehe 31 Machi 2024 seva zikazimwa. Hata aliyetaka kuendesha gari peke yake usiku bila kumsumbua mtu hakuweza, kwa kuwa gemu ilitengenezwa isitembee bila kushikwa mkono na seva. Mmarekani mmoja, Ross Scott, akakasirika hadharani na kuanzisha kampeni ya Stop Killing Games, na kufikia Julai 2025 ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilikuwa limevuka saini milioni moja. Huko California nako wakatunga sheria, iliyoanza kazi Januari 2025, ya kuwalazimu wauzaji wa bidhaa za kidijitali wamwambie mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni. Yaani mwizi ameruhusiwa kuendelea, ila abishe hodi.

Sasa mimi nina jambo moja la kuwaambia wanasheria wa gemu, na nalisema kama raia wa nchi ambayo ardhi yake yote ni ya umma. Tangu Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, na hata kabla yake, sisi hatumiliki udongo. Tuna haki ya kuutumia. Kwa hiyo habari ya leseni haitutishi. Lakini hati ya ardhi inakuambia miaka: 33, 66 au 99. Na hati ya kimila ya hapa kijijini inaweza isiwe na ukomo kabisa, ukaishi, ukafa, wanao wakaendelea kugombana juu yake. Serikali ikiihitaji ardhi hiyo, kuna notisi, kuna mthamini anayehesabu mpaka mpapai, na kuna fidia, hata kama itazua kesi. Leseni ya gemu haina miaka, haina mthamini na haina mpapai.

Wala nisionekane napinga kila kinachozimwa kutoka mbali. Ufundi huo kwetu Afrika Mashariki si mgeni. M-KOPA ilianza nchini Kenya mwaka 2012 na mitambo ya sola yenye laini ya simu ndani yake: ukilipa taa inawaka, usipolipa unakaa gizani na paneli yako juu ya paa. Siku hizi kampuni nyingi zinakopesha simu kwa mtindo huohuo. Baba mkubwa alichukua moja, kampuni siitaji, na kwa miezi kadhaa alikuwa mtu mwenye simu nzuri kuliko wote katika ukoo.

Kisha wakaja wakwe watarajiwa kuleta mahari ya binti yetu. Baba mkubwa ndiye msemaji wetu, na alikuwa na silaha ya siri: picha ya kila ng'ombe aliyekubaliwa, imepigwa kwao kabla ya kuondoka. Ng'ombe walipofika, jike mmoja mwekundu alikuwa na pembe iliyopinda ambayo hakuna aliyeikumbuka. Baba mkubwa akatabasamu. Akatoa simu polepole, akavaa miwani, akainyanyua ili baraza zima lione ushahidi.

Kioo kikawa cheusi, na maandishi meupe yakasema: simu imefungwa, tafadhali lipa deni lako.

Msemaji wao, mzee mwenye sauti ya kusomea risala, aliyasoma yote kwa sauti hadi nukta ya mwisho. Halafu akasema, "Mzee mwenzangu, kumbe hata wewe huyo uliyemshika hujammalizia mahari." Baraza likaanguka kicheko, wa kwao na wa kwetu, na shangazi zangu ndio waliocheka kupita wote. Kulipa nako kukawa kazi, kwa sababu pesa zilikuwa kwenye laini, na laini ilikuwa ndani ya simu iliyogoma. Ikabidi ichomolewe, ichomekwe kwenye kitochi cha shangazi mmoja ambaye bado alikuwa anajifuta machozi. Simu ilipofunguka, ng'ombe mwenye pembe iliyopinda alikuwa ameshapokelewa rasmi na ameshaanza kula mahindi yetu.

Pamoja na aibu hiyo, baba mkubwa anaitetea kampuni. Walimwambia deni ni hili, linaisha tarehe fulani, na likiisha simu ni yake, hakuna atakayeigusa. Na kweli liliisha, na simu ni yake. Mkopeshaji wa Kiafrika amekuwa muungwana kuliko muuzaji wa gemu aliyelipwa taslimu siku ya kwanza!

Kuna wanaosema haiwezekani kitaalamu, kwamba kitu kikizeeka lazima kizimwe. Waje nyumbani niwaonyeshe LUKU. Mita za tokeni za mfumo ule unaotumika nchi nyingi duniani zilikuwa zinahesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, na kichwani mwao mlikuwa na nafasi ya dakika 16,777,216 tu. Nafasi hiyo ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo mita isiyorekebishwa ingekataa tokeni mpya. Shirika la umeme halikutuambia tununue mita nyingine. Ukinunua umeme ulipewa makundi matatu ya tarakimu ishirini-ishirini: mawili ya kuifundisha mita kuhesabu upya, la tatu ndiyo umeme wenyewe. Kwetu bibi alisoma, mimi nikabonyeza. Bibi ana tabia ya kusimulia katikati ya hesabu, hivyo mita ilipokea tarakimu kumi na moja, habari za msiba wa Kerende, kisha tarakimu nyingine tisa ambazo hazikuwa zenyewe. Tulirudia hadi jirani akaja na tochi akidhani tunaiba umeme. Lakini mita ile ile, yenye vumbi lile lile, inafanya kazi mpaka leo. Kama kisanduku cha ukutani kiliweza kupewa namba za kukiongezea umri, gemu ya mamilioni ya dola inashindwaje kupewa namba za kuiruhusu ijitegemee siku seva zinapozimwa? Hilo ndilo tu wanaloomba wale wenye saini milioni Ulaya.

Nilimweleza baba mkubwa haya yote kibandani, mbele ya mpwa wangu. Mzee alisikiliza, akaagiza hati isomwe. Mpwa wangu akafungua masharti kwenye mashine mpya, akawa anatafsiri Kiingereza kwa kubahatisha.

"Anza na mipaka," mzee akasema.

"Mipaka ya nini, babu?"

"Kila hati ina mipaka, mura. Kaskazini imepakana na nani?"

"Haipakani na mtu."

"Muda?"

"Wanasema wakati wowote."

"Fidia?"

Mpwa wangu alishuka na maandishi, akashuka, akashuka, mpaka kidole gumba kikachoka. "Haimo."

Mzee akanyamaza kidogo. Huyu ni mtu aliyeona tathmini zikija na kupita hapa Nyamongo, na anaijua tegesha vizuri kuliko anavyopenda kukiri: unasikia mthamini yuko njiani, usiku huo unainua chumba na kuchomeka miche, asubuhi ukutane naye kama mtu mwenye makazi ya siku nyingi. Akamvuta kijana karibu.

"Kesho nenda Tarime. Nunua hizo mashine nyingine nne, hata mbovu. Zipange ukutani na nyaya zake. Wakija kufunga wakute tano."

"Babu, hawaji. Wanazima hukohuko waliko."

"Bila kuja na mthamini?"

"Bila."

"Basi wamekosea utaratibu," mzee akasema, akasimama, akachukua fimbo yake na kwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti, ambaye anamheshimu na pia anamwogopa, hakubisha. Suala la gemu limeingizwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji unaokuja. Ni ajenda namba sita, baada ya ng'ombe wanaoingia mashambani mwa watu na kabla ya mengineyo, na mpwa wangu ametakiwa kuhudhuria na mashine yake, ikiwa imeshachajiwa.