Kabla Hujanunua Bunduki: Mwongozo kwa Mkazi wa Kalinzi

Umeamua. Nyani wamekuvunia mahindi yako bila kualikwa, mwizi amekwangua kahawa mbivu ya jirani usiku, na juzi pale kilabuni, kwenye pombe ya ndizi, kuna mtu amekukatiza kauli mbele za watu na wote wakacheka. Sababu mbili za kwanza ndizo utakazoandika kwenye fomu. Ya tatu ndiyo iliyokutoa kitandani leo asubuhi. Hakuna ubaya. Wewe si wa kwanza kuingia ofisi ya kijiji ukiwa na nyani mdomoni na heshima moyoni.

Fahamu mapema kwamba bunduki ya siri haipo. Yaani ipo, lakini hiyo ina jina lake mahakamani. Bunduki halali inaanzia kwa majirani. Ombi lako litajadiliwa kijijini, litapanda kata, litafika kwenye kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, litakwenda mkoani, na huko mwisho kabisa kuna msajili wa silaha wa Jeshi la Polisi. Karatasi ikiwa bado haijavuka Mwandiga kwenda mjini, watu wa Matyazo watakuwa wameshajua kwamba fulani anatafuta bunduki, na nusu yao wameshapiga hesabu ni nani unayetaka kumpiga. Ule mgogoro wa mpaka wa shamba uliodhani umekwisha na mwenye nao amesahau, utaushuhudia ukifufuka mezani.

"Unataka bunduki ya nini, bwana?"

"Nyani, mzee. Wamenimaliza."

"Nyani gani hao wanaokujua wewe peke yako? Mimi shamba langu liko juu ya lako."

Kimya kidogo. Mtendaji anaandika.

"Na mama watoto anajua?"

Hapo usijibu haraka. Swali hilo linaonekana la utani na wajumbe watacheka, lakini ndilo swali zito kuliko yote utakayoulizwa kuanzia kijijini mpaka mkoani. Kila mjumbe pale anajua ni nyumba zipi huwa na kelele saa nne za usiku. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka mwombaji awe ametimiza miaka 25, awe na akili timamu, na asiwe mtumwa wa pombe wala dawa za kulevya. Daktari wa mjini anaweza kukuangalia macho na ulimi akakupitisha. Mzee anayekaa benchi moja nawe kilabuni hahitaji kipimo.

Tuseme umepita. Sheria hiyohiyo inataka uwe na cheti cha umahiri, maana yake ufundishwe, ujaribiwe, uonekane unaijua sheria na unaijua silaha. Hapa ndipo wengi huvunjika moyo. Mwanafunzi anafika na miwani nyeusi, amejiandaa kupiga makopo. Siku nzima inapita hajasikia hata mlio mmoja. Anaambiwa aishike, aiweke chini, aishike tena, aiweke chini vizuri zaidi. Asubuhi yote inakwenda kwenye jinsi ya kumpokeza mwenzako silaha mkono kwa mkono, na mchana unakwenda kwenye nini cha kufanya usipotaka kupiga. Ukilalamika utaambiwa kwamba kupiga kunafundishwa kwa dakika chache, kazi iko kwenye yale mengine. Ni kweli, na ndiyo sababu kozi hizi hazina mvuto kwa mtu aliyechekwa kilabuni.

Jihadhari na aliyepita mgambo. Huyo atakuambia kozi ni kupoteza hela, njoo nyumbani nikuonyeshe. Muulize kwa upole kwata yote ile aliifanya na bunduki gani. Mara nyingi ni ya mbao, kama si fimbo. Aliyepita JKT Bulombora naye atakusimulia shabaha aliyopiga mpaka afande akampigia makofi, na pengine ni kweli, ila usiache akufundishe sebuleni kwake huku watoto wakiangalia katuni.

Anayetaka bastola ajue anajitafutia silaha ngumu kuliko zote. Bunduki ndefu ina mtutu mrefu, ukiigeuza kila mtu anaiona ikigeuka na anakimbia. Bastola inageuka na kiganja. Nenda kwenye uwanja wowote wa shabaha siku ya wanafunzi wapya utaliona hili kwa macho yako: mtu amesimama mstarini, ameelekeza mtutu kule kwenye shabaha, vizuri kabisa, kisha swali linamjia. "Afande, hii ya hapa pembeni ni ya nini?" Na anamgeukia afande ili amuulize vizuri, kwa adabu, uso kwa uso, kama alivyolelewa. Bastola inageuka naye. Mstari mzima unalala chini. Mwenyewe amebaki amesimama, anashangaa kwa nini watu wazima wameamua kulala kwenye vumbi saa tano asubuhi. Adabu ya nyumbani inasema mtazame mkubwa unapoongea naye. Kwenye shabaha adabu ni kumwuliza ukiwa umempa kisogo.

Kuna na hili la "haina kitu". Ukisikia mtu anasema bastola yake haina kitu, ondoka. Tazama kinachofanyika mezani: mwenye nayo anachomoa magazini, anaiweka pembeni, anakuonyesha tundu tupu kwenye kitako, anatabasamu. Sasa mwambie avute kile chuma cha juu nyuma. Risasi moja inaruka kutoka kwenye chemba, inagonga meza, inabingirika mpaka kwenye kikombe cha chai. Hiyo ilikuwa imekaa ndani muda wote, na kuchomoa magazini hakukuigusa. Anayefanya mpangilio kinyume, akavuta kwanza ndipo akachomoa magazini, naye kajidanganya, kwa sababu ya kwanza imetoka na ya pili imeshaingia mahali pake. Magazini kwanza, chemba baadaye, kisha jicho, kisha kidole cha kupapasa kwa sababu jicho la mtu aliyechoka huona linachotaka. Na baada ya yote hayo ishike bado kana kwamba imejaa.

Kidole nacho kina kesi yake. Mwanafunzi mpya akikabidhiwa silaha, kidole cha shahada kinaingia chenyewe kwenye kifyatulio, hajakituma. Atafundishwa kukinyoosha ubavuni mwa silaha mpaka ameona anachopiga na ameamua kukipiga. Anaona ni maringo ya afande. Lakini mtu akishtuka hukunja ngumi, na Kalinzi vya kushtua haviishi: mbuzi kwenye migomba, pikipiki isiyo na taa, shemeji anayerudi usiku bila kugonga.

Sasa gobole, lile la kushindilia baruti mdomoni. Gobole likikataa kulia, mila inasema ligeuze, uchungulie mdomoni uone baruti imekwama wapi, ikiwezekana na kiberiti. Mila hiyo haina wazee wengi wa kuisimulia. Wasiofuata mila huacha mtutu umeelekea pale ulipoelekea, pasipo na mtu, wakahesabu dakika nzima na zaidi bila kusogea, kwa kuwa baruti inaweza kufukuta ndani kimyakimya kisha ikalipuka wewe umeshaanza kutukana.

Turudi kwa nyani wako. Leseni ya silaha imekuruhusu kuwa na silaha. Haijakuruhusu kuwinda. Uwindaji una leseni yake chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009, na wenyewe ni mamlaka ya wanyamapori, TAWA, na maofisa wanyamapori, si OCD aliyekupigia mhuri. Huwindi usiku. Hupigi ukiwa ndani ya gari. Ukikutwa na paja la pongo bila kibali, hiyo haiitwi kitoweo tena, inaitwa nyara ya serikali, na watu wamekwenda jela miaka 20 kwa kesi za jina hilo. Upande wa pili wa mlima, kule ziwani, ni Gombe, hifadhi ya taifa tangu 1968. Nyani wa huko hajasomewa ramani. Akikuletea sokwe nyuma yake, wewe weka silaha chini, ingia ndani, funga mlango. Hakuna karatasi nchini itakayokutetea kwa sokwe.

Hata kama karatasi zote unazo, tazama ardhi yenyewe. Kalinzi haina tambarare. Nyani yuko juu ya mti ukingoni, nyuma yake ni mbingu, na chini ya hiyo mbingu ni bonde usiloliona, lenye migomba, na ndani ya migomba kuna nyumba, na nyuma ya nyumba kuna mama anachambua maharage. Risasi ndogo kabisa, ile ya .22 ambayo watu huidharau, inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja. Nyani ataruka. Risasi haina habari naye, itaendelea na safari. Wakufunzi husema jua shabaha yako na kilicho nyuma yake. Kwenye vilima vyetu kilicho nyuma yake ni kitongoji kingine. Kwa sababu hiyo tu, mimi bado namwamini mbwa na watoto wenye madebe kuliko bunduki, ingawa najua watoto wanatakiwa shule.

Kuhusu kupiga hewani harusini, historia iko upande wako. Stanley alipoingia Ujiji Novemba 1871 kumtafuta Livingstone, msafara wake ulifyatua bunduki kwa mpigo kutangaza ugeni, na ndivyo misafara ilivyokuwa ikifanya. Ukitaka kumuiga, kumbuka kwamba kinachopanda hushuka, kwamba siku hizi Ujiji kuna mapaa ya bati na watu wengi chini yake, na kwamba Stanley hakuwa na RPC.

Nyumbani, usiiweke chini ya godoro. Hapo ndipo kila mwizi anaanzia na kila mtoto anamalizia. Usimwazime shemeji hata akilia. Leseni ina jina moja. Usiende nayo kilabuni, ingawa najua ndiko ulikotaka kwenda nayo. Na jiandae kuitwa. Mwaka 2016 wenye silaha nchi nzima waliambiwa wazipeleke zikahakikiwe, na hata Rais Magufuli akahakiki za kwake. Siku ukiitwa wewe, "nimemwachia shemeji" si jibu.

Limebaki gobole la babu, lililoko darini. Najua lipo. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya Afrika ukaziacha zile za gumegume, kwa hiyo vyuma vya kushindilia baruti mdomoni viliendelea kuuzwa, na mafundi wa vijijini wakaendeleza kwa mabomba. Halina leseni, halina namba, na hakuna anayekumbuka kama lilishindiliwa mara ya mwisho likapigwa au likasahauliwa. Usilijaribu ili ujue. Miaka ya karibuni serikali imekuwa ikitangaza miezi miwili, Septemba na Oktoba, ya kusalimisha silaha haramu kwa hiari bila kushtakiwa. Ila usilitoe mwenyewe. Mwambie kwanza mtendaji au mwenyekiti, aite polisi, waje walichukue pale lilipo. Usilifunge kwenye kanga ukasimama nalo barabara ya Manyovu kusubiri Hiace ya mjini. Likiwa wima halienei, likilazwa mtutu utakuwa shingoni kwa abiria wa mbele, na konda atakudai nauli ya mzigo.