Vitu vya Kuchezea vya Lokori, Visivyo na Maelekezo

Vitu vya kuchezea vya watoto wa Lokori, Turkana, kandokando ya mto Kerio, havikuwahi kuandikwa umri wa mtumiaji. Gari lilitengenezwa kwa kopo la mafuta ya msaada. Bodi ilikatwa kwa kisu cha mama bila mama kujua, na magurudumu yakachongwa kutoka kwa ndara iliyokwisha kazi, au ambayo mwenyewe alidhani bado anayo. Mwanasesere alikuwa kokwa la koma, tunda la mkoma, lililovalishwa shanga na ngozi. Wenzake sasa wamefungiwa nyuma ya vioo katika makumbusho ya Ulaya, hawaguswi, hawabebwi. Binti wa Kiturkana angeuita huo ukatili.

Mkoma wenyewe ulikwewa, kwa kuwa koma ziko juu. Usalama wa aliyekwea ulikuwa mikononi mwa mwenzake wa chini, ambaye macho yake yalikuwa kwenye koma tu.

Uwanja mkuu ulikuwa mchanga wa Kerio. Mto huo hukauka kiangazi, kisha huteremka ghafla kwa mvua iliyonyesha mbali kusini, kwenye milima ya Elgeyo, huku Lokori jua likiwaka vilevile. Kengele ya hatari ilikuwa mngurumo wa maji yenyewe.

Mchezo wa kuchunga ulitumia kokoto badala ya mbuzi. Aliyefuzu alikabidhiwa mbuzi halisi, ambao walipotea mara kwa mara, na kutambulishwa kwa fimbo ya baba, ambayo haikupotea kamwe.