Utepe Umekataa

"Boss, imekataa."

Kijana wa kaunta alisema hivyo, na hakunong'ona. Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya watu wenye viatu safi. Bia ilikuwa imeshamiminwa, povu limetulia juu, na mkono wangu bado ulikuwa hewani, kiganja chini, nikiwa nimeunyoosha kwa madaha kumbe ni kwa aibu. Akaushika, akaugusisha tena kwenye mashine. Mashine ikalia mlio wa pili, mbaya kuliko wa kwanza, na taa nyekundu ikawaka ili hata viziwi wapate habari.

"Iko na mia moja pekee, boss. Bia ni mia tano."

Tamasha lenyewe lilikuwa Lavington, Nairobi, kwenye uwanja wa nyasi ambao mtu wa Kawangware anaufikia kwa miguu kabla jasho halijamtoka. Bia za mafundi: zimepikwa kwa mapipa madogo na vijana wenye ndevu wanaojua jina la kila punje ya shayiri. Mlangoni unafungwa utepe mkononi. Pesa taslimu hazitakiwi, M-Pesa pia haitakiwi kwenye vibanda. Unatuma pesa mara moja mlangoni, zinaingia kwenye utepe, na kuanzia hapo wewe ni wa kupunga mkono tu kama mbunge anayepita Stegi ya 46 ya Kawangware wakati wa kampeni.

Nilikuwa nimetuma elfu moja. Naomba hesabu hii ifuatwe kwa makini, kwa sababu pale kaunta hakuna aliyetaka kuisikiliza. Ada ya utepe, mia moja na hamsini. Amana ya glasi, mia tatu, utarudishiwa ukirudisha glasi ikiwa nzima. Soseji moja ndani ya mkate, mia nne na hamsini. Imebaki mia. Kwa lugha nyingine, kabla sijaonja hata tone la bia nilikuwa nimeshatumia mia tisa kwenye tamasha la bia.

Na ningejuaje? Utepe hauna kioo. M-Pesa, tangu izaliwe mwaka 2007, imetuzoesha adabu: ukinunua hata nyanya za ishirini, simu inatetemeka na kukuambia umebakiwa na ngapi, hata kama hukutaka kujua. Utepe hausemi kitu. Umevaa pesa zako mkononi na huwezi kuziona, mpaka siku ya kutangazwa hadharani kwamba hazipo.

Lakini lazima nikiri kitu kimoja: kile kidude kinastaajabisha. Ndani yake mna chembe ya kompyuta na waya mwembamba uliozungushwa mara kadhaa, basi. Hakina betri. Hakichajiwi. Kinalala usingizi wa pono mpaka ukisogeze karibu na mashine, kama sentimita chache hivi. Mashine inatoa mawimbi ya sumaku, yale ya megahezi 13.56, na mawimbi yakipita kwenye ule waya yanaamsha umeme kidogo. Chembe inazinduka, inatumia umeme huo huo wa kuazimwa kutaja namba yake, halafu inalala tena. Yote hayo kabla hujapepesa jicho. Mara nyingi pesa zenyewe hazimo hata ndani ya utepe. Zimo kwenye kompyuta mahali fulani, na utepe kazi yake ni kusema tu, "Mimi ni namba fulani." Kompyuta ndiyo inayoamua kama namba fulani ni mtu au ni takataka.

Nairobi tumeshakutana na mawimbi haya. Mwaka 2013 Google na benki ya Equity walileta kadi ya BebaPay ya kulipia matatu, na mwaka uliofuata serikali ikaagiza kwamba kuanzia Julai 1 nauli zote zilipwe kwa kadi. Makanga wakaangalia kadi, wakaangalia noti ya hamsini, wakachagua. Kufikia 2015 BebaPay ilikuwa imefungwa. Watu waliandika mengi kuhusu kushindwa kwa mpango ule, lakini mimi nikiwa pale kaunta nilimwelewa makanga kwa mara ya kwanza. Makanga ukipungukiwa na shilingi kumi anakutukana, anamtukana na aliyekufundisha hesabu, halafu anakubeba. Mashine haitukani, na haibebi.

"Nimlipie huyu mzee?"

Sauti ilitoka nyuma. Binti wa miaka ishirini na kitu, miwani ya jua kichwani. Mimi si mzee. Nina mvi, ndiyo, lakini ni za ukoo. Kabla sijajitetea, mkono wake ulipita juu ya bega langu, mashine ikatoa mlio mtamu, taa ya kijani ikawaka, na foleni nzima ikasema "aaaw." Sijawahi kusikia watu wazima wakitoa sauti hiyo isipokuwa kwa mtoto aliyejifunza kutembea.

Nikashukuru. Ungefanyaje? Nikasogea kando na glasi yangu ya sadaka, nikapiga funda.

Ilikuwa imechacha.

Sikutema. Ukifadhiliwa bia mbele ya watu, unaimeza. Lakini ulimi wangu ulishtuka, halafu ukatulia, halafu ukakumbuka. Ukali ule wa ndimu, ule ukwaju unaoshika taya pande zote mbili, naujua. Yule fundi mwenye ndevu alikuwa ananitazama kwa hamu, akauliza naonaje. Nikamwambia kwa moyo mkunjufu kabisa:

"Hii ni busaa!"

Kimya. Binti wa miwani akaacha kutabasamu. Fundi akashusha pumzi, akanieleza polepole kwamba hii inaitwa gose, ni bia ya kale ya Ujerumani, watu wa Leipzig wameinywa kwa karne nyingi, na uchachu wake ni wa makusudi. Ndani mna chumvi na dania.

Chumvi na dania! Kilichobaki ni nyanya na kitunguu.

Sasa, naomba nieleze, kwa kuwa fundi alieleza ya kwake bila kukatizwa. Gose inachacha kwa sababu ya bakteria wa jamii ile ile wanaogandisha maziwa lala. Wanakula sukari ya nafaka, wanaacha asidi. Kisha hamira inakula sukari iliyobaki, inaacha kileo na gesi. Karibu na Brussels, Ubelgiji, kuna wengine hawatii hata hamira: wanaacha maji ya nafaka usiku kucha kwenye sinia kubwa lililo wazi, hewa ya usiku ilete vijidudu vyake, kisha wanayaweka kwenye mapipa ya mbao kwa mwaka mmoja, miwili, hata mitatu. Bia hiyo inaitwa lambic, na watu hupanda ndege kwenda kuionja.

Pale Gatina, huko huko Kawangware, kuna mama ambaye hajawahi kupanda ndege. Busaa yake yeye anaianza na unga wa mahindi. Anaukanda na maji, anaufunika, anauacha siku kadhaa mpaka unukie uchachu hadi kwa jirani. Halafu anawasha moto chini ya bati pana na kuukaanga huo unga kwa koleo, anageuza, anageuza, moshi machoni, mpaka uwe wa kahawia na uanze kunukia mkate ulioungua kidogo. Huo ndio mkarango. Nilidhani zamani kwamba anakaanga kwa ajili ya rangi tu. Kumbe moto ule unaulainisha wanga wa mahindi ili uweze kuvunjwa, maana wanga mbichi ni mgumu kugeuka sukari. Wa kuuvunja ni kimea: wimbi uliolowekwa, ukaachwa uchipue, ukaanikwa, ukasagwa. Mbegu ikichipua inatengeneza vimeng'enya vya kujilisha, kugeuza wanga wake kuwa sukari ili mmea ukue. Mama anaikatiza mbegu safari yake, anaiba vimeng'enya na kuvitia kwenye mkarango na maji ndani ya pipa. Siku mbili, tatu, nne, kulingana na baridi. Anachuja kwa gunia, machicha wanapewa nguruwe, na wewe unapewa yako kwenye mkebe wa mafuta ya Kasuku, ya uvuguvugu, nzito, inayochemka kwa chini.

Hakuna kipimajoto. Anatia mkono kwenye pipa na kusema "bado", na huwa bado kweli.

Haya yote nilitaka kumweleza fundi, lakini alikuwa ameshamgeukia mteja ambaye utepe wake unafanya kazi.

Mengine ya siku ile ni madogo. Mvua ilinyesha, kiatu kimoja kikabaki kwenye nyasi za watu. Foleni ya choo ilikuwa ndefu kuliko ya bia, na ndivyo mambo yanavyopaswa kuwa. Glasi yangu ilipata ufa, amana ikapata ufa nayo. Matatu ya kurudi ilipandisha nauli kwa sababu ya mvua.

Kilichonikaa rohoni ni walinzi. Kila pembe ya uwanja ule kulikuwa na askari mwenye sare, na kazi yao ilikuwa kuhakikisha tunalewa kwa amani. Walikuwa na adabu. Mmoja alinisaidia kutafuta kiatu. Gatina, watu wa sare wakionekana mwanzo wa kichochoro, wanywaji wanaruka ukuta, pipa linapinduliwa, kazi ya wiki nzima inaingia mtaroni. Au halipinduliwi, na bei ya kutolipindua inajulikana, na inalipwa.

Utaniambia ni sheria. Haya, tuizungumze sheria. Katika miaka ya 1920 baraza la mji wa Nairobi lilijipa haki ya peke yake ya kuwauzia Waafrika pombe yao ya kienyeji, ukumbi wake ukiwa Pumwani, na mapato yake yakalipia huduma za mitaa ya Waafrika. Yaani mwanamke aliyepika nyumbani alikuwa mhalifu, na baraza lililopika kitu kile kile lilikuwa serikali. Mwaka 1980 ikaja sheria ya kupiga marufuku chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji. Mwaka 2004 serikali ikasamehe ushuru wa bia ya Senator Keg ili maskini waache pombe za vichochoroni wanywe ya kiwandani. Mwaka 2010 sheria ya 1980 ikafutwa, na pombe za kienyeji zikafunguliwa mlango: pata leseni, fuata viwango, uza. Mlango uko wazi kweli. Umewekwa tu juu ya ngazi ambayo mtu wa chumba kimoja cha mabati hawezi kuipanda akiwa na pipa mgongoni.

Najua watu wamekufa. Methanoli ni sumu, inapofusha na kuua, na anayeichanganya kwenye pombe afungwe. Lakini ule ni uovu wa pombe kali zinazochakachuliwa. Busaa ni uji uliochangamka. Askari wakimwaga pipa la mama pamoja na sumu ya mwingine, hawajaokoa mtu. Wamemfundisha tu mpishi kujificha.

Jumatatu nilipita kwa yule mama, nikamsimulia yote. Alisikiliza huku akikoroga. Nilipofika kwenye chumvi na dania akasimamisha mwiko.

"Wakaweka chumvi na dania, na nyama hawakuweka?"

Hawakuweka. Akauliza glasi ilikuwa ukubwa gani. Nikamwonyesha: mililita mia tatu, labda. Akachukua lile daftari lake la madeni, akageuza ukurasa wa nyuma na kuanza kuandika. Pipa la lita mia moja, kwa glasi zile, kwa bei ile. Aliandika polepole, akafuta, akaandika tena. Shilingi laki moja, elfu sitini na sita na kitu. Akaitazama hiyo hesabu kwa muda.

"Na hao askari wa huko, walikuwa wanamlinda nani?"

"Sisi tuliokuwa tunakunywa."

Akaguna. Akarudisha daftari mbele, akalamba kidole, akafungua kurasa mpaka akafika kwenye jina langu.

"Basi lipa," akasema. "Mtu wa glasi ya mia tano hawezi kunidai subira tangu Pasaka."